Vani ya Papa Mukendi

Vijana, niliwaona. Mulikuja juma lililopita na kofia zenu za njano na ile simu pana munaita tablet, mukasimama kule chini ya reli mukapiga picha ya maji. Halafu mukanikuta mbele ya mulango wangu, mukaniuliza kwa adabu: "Papa Mwape, wanatuambia ulifanya kazi ya mitaro. Plani ya mitaro iko wapi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Plani! Ile plani iliishia sokoni, mama wauza karanga walikata vipande vyake wakafungia karanga. Mimi mwenyewe nilinunua karanga siku moja, nikafungua karatasi, nikaona mutaro wa barabara yetu umechorwa kwa wino wa buluu, na mafuta ya karanga juu yake. Siku ile mulipouliza sikuwajibu vizuri, niliwafungia mulango kwa hasira. Leo nimelala vizuri, nimekula. Kaeni, nitawajibu.

Kwanza mutoe neno moja kinywani. Kila munapofungua kinywa munasema mvua imebadilika, mvua imebadilika. Ni kweli, imebadilika. Zamani mvua ilianza kidogo kidogo, mwezi wa kumi inalowesha vumbi, inaosha mitaro polepole, halafu ndiyo inakuja ile kubwa. Sasa inakawia, tunangoja mpaka midomo inapasuka, halafu inamwagika yote kwa siku moja. Lakini musimushitaki mvua peke yake. Mvua haikuuza viwanja juu ya mutaro. Mvua haikuiba vyuma. Na ile siku ninayotaka kuwaelezea, siku iliyomuondoa dada yangu Albertine, mvua ilikuwa na wenzake, na mumoja wao ndiye huyu anayesema nanyi.

Yaya Albertine alikuwa mukubwa wangu, mujane, mushonaji wa nguo. Alikaa kule kule mulikopiga picha, chini ya reli, katika nyumba ya matofali mabichi, yeye na watoto wanne. Kila mwaka mbingu zikianza kujikunja alinitafuta. "Mwape, mudogo yangu, minye niko chini. Mayi ikikuya itaanza na minye. Mulishafanya kazi yenu?" Nilimujibu kila mwaka: "Tulishafanya, yaya. Shona manguo yako." Na ilikuwa kweli, kwa sababu kulikuwa na Papa Mukendi.

Papa Mukendi alikuwa chef wa brigade yetu, mukubwa wa watu kumi na wawili wa mitaro. Mutu wa Kasai, jimbo la mbali, baba yake aliletwa hapa kufanya kazi ya migodi, yeye mwenyewe alizaliwa Likasi kama mimi. Mufupi, miguu imepinda, sauti inayosikika toka mutaa wa Panda. Siku yangu ya kwanza kazini alinipa papai bichi mukononi. Nikafikiri ni chakula, nikasema aksanti. Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Papai lilikuwa chombo cha kazi! Munaona, mutaro mukubwa unapita chini ya ardhi, hauwezi kuingia kila siku kuangalia. Basi unamwaga maji ndani ya regare ya juu, ile shimo yenye funiko, unatupa papai, na mwenzako anangoja kwenye regare ya chini. Papai bichi halizami sana na halielei sana, linakwenda na maji pole. Likichelewa, kuna udongo umekaa ndani. Lisipotoka, kumezibwa.

Na saa hatukuwa nayo. Tulihesabu kwa sala. Toka regare ya soko mpaka ile ya reli, papai lilikuwa na Salamu Maria kumi na mbili. Papa Mukendi, yeye muprotestanti, alihesabu kwa Baba Yetu, na kwake zilikuwa nane. Tuligombana! Nilimwambia mutaro umezibwa, yeye anasema uko safi, mimi naomba, yeye anaomba, papai limetoka zamani linatuangalia. "Weye Mwape, unaomba mbio sana," alinifokea. "Maria mwenyewe hawezi kusikia kitu. Omba kama mutu iko kanisani, hapana kama mutu anafukuzwa na mbwa!" Toka siku ile ninaomba polepole. Hata kanisani padri alishangaa.

Alinifundisha vitu vingi ambavyo tablet yenu haivijui. Usiingie ndani ya regare mpaka umeifungua na kuiacha ipumue. Usiamini mutaro ulio mukavu sana: maji yake yamekwenda kwa nani? Na hii aliirudia mpaka tukachoka: funiko lolote unalolikuta, fungua, hata kama unajua kilichomo. Fungua kwanza, ujue kisha.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja hakutufundisha, na mpaka leo kinaniuma. Ule mutaro mukubwa unagawanyika fasi moja, huko juu. Njia moja inashuka kwenye reli, kwa akina Albertine. Njia nyingine inakwenda kwenye bonde, kule kulikokuwa na matete tu, hakuna mutu. Katikati kuna vani, mulango wa chuma unaopandishwa kwa gurudumu. Wakati wa kiangazi unafungwa, ili maji kidogo ya muji yapite njia ya reli na kuiosha. Kabla ya mvua unafunguliwa, ili maji makubwa yaende bondeni. Usipofunguliwa, yote yanashuka kwa watu. Kazi yenyewe haijazi saa moja. Na kila mwezi wa tisa Papa Mukendi alitutuma sisi wote upande mwingine wa muji, na jioni anatuambia: "Vani iko wazi." Basi. Iko wapi? Anacheka. Miaka kumi na tisa nilifanya kazi na yule mutu, sikuiona vani.

Hakuwa peke yake, musifikiri. Kila chef alikuwa na siri yake moja. Fundi wa mapampa alikuwa na siri, mutu wa umeme alikuwa na siri. Ndivyo walivyojifungia kazi zao. Upumbavu mutupu! Muji muzima umewekwa ndani ya vichwa vya watu kumi, halafu vichwa vile vinapanda treni.

Kuanguka kulianza hivi. Migodi ilisimama, viwanda vikanyamaza, na kazi ya muji ikakosa baba. Watu walivamia biro zetu siku moja, wakabeba meza, wakabeba milango, wakabeba makabati pamoja na plani, na plani zikaenda kwenye karanga kama nilivyowaambia. Halafu vyuma vya kanivo vikaanza kupotea, vile vyuma vya kufunikia mitaro ya barabara. Asubuhi unapita, kipo. Mangaribi unarudi, pana shimo, na mutoto wa shule amevunja muguu ndani. Halafu watu wa biro ya viwanja wakaanza kuuza njia ya maji. Waliuza! Wakapima kwa kamba juu ya mutaro, wakaweka mawe, wakasema hii ni lupangu ya fulani. Nilikwenda kumuona chef wao, mutu wa tai nyekundu. Nikamwambia: "Bwana, pale chini maji yanapita." Akanijibu: "Mwape, unaona maji?" Ilikuwa kiangazi. Nikasema hapana. "Basi," akasema, na akaendelea kula mikate yake.

Hata papai walituharibia. Mwaka ule tulitupa papai kwenye regare ya soko, nikaomba Salamu Maria kumi na mbili, nikaomba ishirini, nikamaliza rozari nzima. Hakuna kitu. Tukatupa la pili, la tatu. Nikasema kumezibwa katikati, tukachimba barabara siku mbili kwa baramini, vile vyuma virefu vya kuvunjia, migongo inalia. Mutaro ulikuwa safi kama sahani! Kumbe chini kidogo kuna mama amekuta regare iliyokosa funiko, amekaa pale na kikapu, anakamata papai zetu moja moja. Nilimukuta anazikatakata ndani ya sufuria na chumvi. "Papa, Mungu njo ananitumia," aliniambia. Ningesema nini? Nilimuachia na lile la nne. Njaa ilikuwa imeingia mpaka chini ya barabara.

Halafu wakawafukuza watu wa Kasai.

Sitaki kupita hapa mbio. Nyinyi mulikuwa hamujazaliwa na wazazi wenu hawapendi kusema. Kwenye mikutano wakubwa walisimama wakasema hawa ni wageni, wanakula kazi zenu, waende kwao. Kwao wapi? Papa Mukendi kwao ni Likasi, kitovu chake kimezikwa hapa! Vijana wakapita nyumba kwa nyumba na mafimbo. Watu waliosali nasi, waliotuazima chumvi, wakabeba magodoro mpaka kwenye gare ya treni, wakalala pale juu ya saruji majuma na majuma wakingoja mabehewa. Papa Mukendi alikwenda na mukewe, Mama Ngalula, na wajukuu. Na mimi? Mimi nilifanya nini? Sikumupiga mutu, ni kweli. Nilikaa kimya. Juma lililofuata wakaniita, wakaniambia: "Mwape, sasa weye njo chef wa brigade." Nikasema aksanti. Wakanipa ufunguo wa nyumba ya Papa Mukendi, nyumba nzuri ya muji, na muti wa avoka kwenye lupangu. Nikasema aksanti tena. Muke wangu Georgette alifagia sakafu, tukaingia. Kwenye misumari ya ukuta kulikuwa bado na kofia yake ya kazi. Hasira yote ninayowamwagia tangu asubuhi, chukueni nusu yake muiweke hapa.

Mwana wangu wa kwanza, Gaston, alikuwa anataka kuoa. Nikasema nitamujengea chumba uani. Rafiki yangu wa kiwanda cha Kakontwe alinitumia simenti, simenti nzuri ya wakati ule. Fasi iliyokuwa sawasawa ilikuwa kati ya jikoni na avoka, ila palikuwa na funiko la chuma katika udongo, Mama Ngalula alikuwa anaanika mihogo juu yake. Nikasema hiyo ni foso, shimo la choo cha zamani. Sikulifungua. Mimi, mutu wa mitaro, miaka kumi na tisa! Nilimwaga sakafu juu yake, nikasawazisha kwa ubao, nikajisifu.

Mvua ikakawia mwaka ule. Mwezi wa kumi ukapita mukavu. Albertine akaja, kama kila mwaka, na sindano zimechomwa kwenye kifua cha bulauzi yake. "Mwape, mulishafanya kazi yenu?" Safari hii sikumwambia ashone manguo yake. Nikamwambia ukweli: vani imefungwa, sijui iko wapi. Aliniangalia. "Na yule anayejua?" Nikasema yuko kwenye gare. "Basi unangojea nini?" Nilikuwa ninangojea haya initoke, lakini sikumwambia. Nilichimba kwanza kwa watu. Nilivunja ua wa huyu, nilichimbua mihogo ya yule, walinitukana mama yangu na bibi yangu. Sikupata kitu. Mawingu yakaanza kupanda upande wa Kakanda, meusi, yanakaa siku nzima bila kushuka.

Nikanunua samaki wakavu wa ziwa la Tshangalele, nikawafunga kwenye karatasi, nikaenda kwenye gare.

Wale watu, vijana. Nilipita juu ya masufuria, juu ya miguu ya wagonjwa. Wengine walinijua, wakageuza uso. Papa Mukendi alikuwa ameketi juu ya sanduku, amekonda, shati limefungwa mpaka juu kama siku ya ibada. Mama Ngalula aliniona wa kwanza.

"Anatafuta nini huyu?" akasema. "Kazi alishakamata. Nyumba alishakamata. Anakuya kukamata na hii mukeka?"

Niliweka samaki chini, nikapiga goti kwa Papa Mukendi. "Chef, mvua iko karibu. Vani iko wapi?"

Alifungua karatasi, akaangalia samaki, akaifunga tena. Mama Ngalula akasema: "Usimuambie! Mayi ibabebe bote!"

"Ngalula, nyamaza kidogo. Kule chini kuko batoto." Halafu akanigeukia. "Unalalaka wapi sasa?"

"Mu... mu nyumba yenu, chef."

"Basi unalalaka pa vani. Juu ya nini unafikiri balinipatia ile nyumba? Wazungu balisema mutu ya vani alale karibu na vani. Unatoka mu jikoni, unahesabu hatua saba kuenda ku avoka. Kuko funiko ya chuma. Chini kuko ngazi na gurudumu. Unazungusha ku kuume, mara makumi ine."

Nikamwambia kuhusu chumba cha Gaston. Papa Mukendi alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Hukufungua? Mwape! Nilikufundisha nini?"

Hapo hasira ikanipanda, ya bure, ya mutu aliyekosa. "Na weye, chef, juu ya nini hukunionyesha miaka ile yote?"

"Niliogopa kufukuzwa kazi," akasema. "Nilisema, mutu anayejua vani peke yake, habawezi kumufukuza." Akatazama magodoro, akatazama watoto waliolala pembeni ya reli. "Unaona."

Nilirudi nyumbani ninakimbia. Nilikuwa nimeshika baramini tayari, Georgette akasimama mulangoni mwa chumba. Ndani kulikuwa na chokaa mbichi, na kitanda kipya. Harusi ilikuwa Siku ya Posho, mwisho wa juma. "Utabomoa chumba ya mutoto juu ya maneno ya Mukasai?" akaniuliza. "Anakudanganya. Ungekuwa yeye, haungetaka kuona ile nyumba inaharibika? Treni ikianza kutembea, atacheka mpaka Mwene-Ditu, kule Kasai." Na mimi, niliyemujua yule mutu miaka kumi na tisa, sikumujua hata siku moja akisema uongo juu ya maji, nikasema moyoni: labda ni kweli. Labda anajilipiza. Nikaweka baramini chini. Nikasema tungoje harusi ipite.

Ilikuwa Siku ya Pili ya juma, siku nne kabla ya harusi. Mvua ilikuja Siku ya Ine, siku mbili baadaye, saa sita za mchana, na giza kama mangaribi. Haikuanza kidogo. Dakika chache tu nikasikia sakafu ya Gaston inavuma kwa chini, na nikajua. Sikumuuliza mutu. Tulivunja, mimi na Gaston, na ile simenti ya Kakontwe ilikuwa ngumu, niliilaani, niliilaani na mikono iliyoimwaga. Muda gani? Sijui, sikuweza kuomba hata Salamu Maria moja ya kuhesabia. Funiko likatoka. Ngazi ilikuwa pale. Gurudumu lilikuwa pale, limepakwa grisi, lile grisi la Papa Mukendi, na lilizunguka bila kupiga kelele, ku kuume, mara makumi ine, arobaini kamili. Nikasikia maji yanabadili njia.

Kesho mukija nitawaonyesha. Mukuje nyote, siyo mumoja anayebaki na siri. Chumba hatukukijenga tena, funiko liko wazi, grisi ninaweka mwenyewe ingawa magoti yamekataa. Mutaandika kwenye tablet, mutapiga picha, na mutaandika pia kwenye karatasi, na kila mumoja atazungusha lile gurudumu kwa mikono yake. Na ile bonde yenye matete, nimeona wameanza kupima viwanja pale. Mukienda biro, mupige meza. Musikubali kuulizwa kama munaona maji.

Siku ile, nilipotoka kwenye vani, nilishuka kwenye reli ninakimbia. Maji yalikuwa yanapungua, yameacha alama kwenye kuta, kifuani pa mutu. Watoto wanne wa Albertine walikuwa juu ya tuta la reli, wamelowa, wazima. Aliwapandisha mumoja mumoja. Halafu alirudi kuchukua mashini ya kushona, kwa sababu watakula nini, na ukuta wa matofali mabichi ukaanguka. Majirani walimutoa chini yake kabla sijafika.

Treni ya akina Papa Mukendi iliondoka siku ya matanga. Tulisikia filimbi yake tukiwa tumekaa kwenye viti vya kuazima, uwanja umejaa watu. Sikuwa nimekwenda kumuambia kama vani ilizunguka. Yule mutu wa tai nyekundu alikuja kutupa pole. Alisimama, akatoa kofia, akasema tujue adui yetu: watu waliofukuzwa wametuachia mvua ya uchawi, wameiloga kwenye gare kabla ya kupanda mabehewa, na Mama Albertine ni damu yao ya kwanza. Watu wakapiga mikono, makofi yakajaa uwanja. Watoto wa dada yangu walikuwa pembeni yangu, wananiangalia waone mujomba atafanya nini. Nilikuwa na simenti bado ndani ya kucha. Nilikuwa ninajua kila kitu, kuliko mutu yeyote katika uwanja ule, na nilipiga mikono pamoja nao.